Mzee mwenye kaburi liko Nyeri: maisha ya Baden-Powell, mwanzishaji wa skuti



Kwenye mukutano wetu wa mwisho vijana walisimama kutangaza kwamba wanataka kuanzisha tena skuti hapa Kalengera, na kwamba wanatafuta kuandikisha watoto wapya. Mama mmoja alinyoosha mkono. Aliuliza wanaandikisha watoto kwa kazi gani, watawapeleka kambi gani, na juu ya nini watavaa nguo za kufanana. Watu wengine walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, juu wote tulielewa. Kwa hii barabara ya Goma na Rutshuru, neno kuandikisha limekwisha kuondoa nyumbani watoto wenye hawajarudi mpaka leo. Na neno kambi, siye wenye tulilala chini ya shitingi Kanyaruchinya hatuna lazima ya kuelezwa.

Komite iliniomba niandike habari ya mtu mwenye alianzisha hii kazi, ili wazazi wajue ilitoka wapi. Nilikubali, lakini nikasema nitaandika mazuri na mabaya. Tukificha mabaya, yule mama atayasikia fasi ingine, na hatatuamini tena.

Robert Baden-Powell alizaliwa London, Uingereza, tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa pastori wa Anglikana na mwalimu wa hesabu kwenye chuo kikubwa cha Oxford. Alikufa mwaka 1860, Robert akiwa na miaka 3 tu. Mama yake, Henrietta Grace, akabaki na nyumba yenye kujaa watoto. Hawakuwa maskini sawa siye, lakini mjane ni mjane: ilibidi ahesabu kila kitu, na wale wakubwa wakasaidia wadogo. Robert alijifunza mapema kwamba mtoto anaweza kupewa kazi ya kweli na akaifanya.

Kwa masomo hakuwa wa kwanza. Alisoma shule ya Charterhouse. Ile shule ilipohamia nje ya London mwaka 1872, kando yake kulikuwa pori dogo lenye wanafunzi walikatazwa kuingia. Robert aliingia. Alijifunza kufuata nyayo za wanyama, kutega sungura, kumpika kwa moto mdogo usiotoa moshi mwingi ili mwalimu asione. Alipenda pia kuchora na kucheza teatri. Chuo cha Oxford hakikumpokea. Akafanya mtihani wa jeshi, akashinda vizuri sana, na mwaka 1876 akatumwa India kuwa ofisa wa asikari wa farasi. Alikuwa na miaka 19.

Kwa hiyo wazazi wajue tangu hapa: mwanzishaji wa skuti alikuwa asikari, na alikaa kazi ya jeshi zaidi ya miaka 30. Hata neno lenyewe ni la jeshi. Skauti, ao skuti kama tunavyosema huku, ni asikari mwenye anatangulia mbele peke yake kupeleleza njia na kurudisha habari kwa wenzake. Baden-Powell aliijua sana ile kazi na aliwafundisha vijana wa jeshi lake namna ya kutazama alama, kusoma udongo na majani, kutembea usiku. Aliwapanga kwa vikundi vidogo, kila kikundi na mkubwa wake. Aliona kwamba kijana mwenye kuaminiwa anafanya kazi kuliko mwenye kupigiwa kelele.

Afrika alikuja kama asikari wa wakoloni, na hapa ndipo mabaya yanaanza. Alikuwa kwenye vita ya Waingereza juu ya Waashanti, kwenye Ghana ya leo, 1895 mpaka 1896. Mwaka 1896 alikuwa kwa Wamatabele, kwenye Zimbabwe ya leo, fasi wenyeji walisimama kutetea inchi yao. Huko alijifunza mengi juu ya pori kutoka kwa Frederick Burnham, Mmarekani mwenye alikuwa mpelelezi hodari. Lakini huko pia aliamuru shefu mmoja wa wenyeji, Uwini, apigwe risasi akiwa mfungwa wake. Wakubwa wa serkali walikasirika, kukafanywa uchunguzi, na akatoka bila azabu. Mimi siandiki hii ili kuharibu jina lake. Ninaandika juu huku kwetu tunajua maana ya mfungwa kuuawa, na kwamba uchunguzi wa jeshi mara nyingi unaishia vile.

Mwaka 1899 alichapisha kitabu kidogo cha kufundisha asikari kazi ya upelelezi. Wakati ule ule vita ikaanza Afrika ya Kusini kati ya Waingereza na Makaburu. Yeye alikuwa mkubwa wa jeshi ndani ya mji mdogo wa Mafeking. Tarehe 13 Oktoba 1899 Makaburu wakauzunguka, na mji ukafungwa siku 217, mpaka 17 Mei 1900.

Hapa ninaomba wazazi wasome polepole. Wanaume wa kushika bunduki hawakutosha. Ofisa mmoja wa Baden-Powell akakusanya wavulana wa mji, wengine wakiwa watoto kabisa, akawavika nguo za kufanana na kofia. Mkubwa wao, Warner Goodyear, alikuwa na miaka 13. Hawakupewa bunduki za kupigana. Walipeleka barua kutoka kituo kimoja mpaka kingine, kwanza juu ya punda, kisha kwa kinga, wakati risasi na mabomu yanaanguka. Walisimama kulinda, walisaidia hospitali. Walifanya vizuri, na Baden-Powell hakusahau. Maisha yake yote aliwasimulia wale watoto.

Leo hatuwezi kusoma ile habari kwa furaha aliyokuwa nayo yeye. Mtoto wa miaka 13 mwenye kubeba barua za jeshi katikati ya vita, siye tunajua anaitwa namna gani. Mahakama ya La Haye ilimhukumu mkubwa mmoja wa Ituri mwaka 2012 juu ya kuingiza watoto wenye hawajafika miaka 15 kwenye kundi lake la silaha. Sheria zile hazikuwako wakati wa Mafeking. Lakini kile kitu chenyewe kilikuwa kile kile.

Kuna ingine ya Mafeking. Pembeni ya nyumba za wazungu kulikuwa mugini mkubwa wa Wabarolong, na pia wakimbizi weusi wengi wenye vita iliwasukuma pale. Chakula kilipopungua, weusi walipata kidogo sana, wengi wakafa na njaa, na wengine waliotumwa kutoka nje ya mji waliuawa njiani. Kijana mmoja Mwafrika, Sol Plaatje, mwenye alikuwa mutafsiri kwenye mahakama ya pale, aliandika habari za kila siku ndani ya daftari. Daftari lake lilichapishwa kitabu mwaka 1973, kisha miaka karibu 41 tangu kufa kwake. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu sehemu ya kosa la Baden-Powell. Uingereza hawakubishana: alirudi kuwa shujaa, na akapewa cheo cha jenerali akiwa na miaka 43.

Sasa, ni kitu gani kilimgeuza? Sitasema alitubu, juu sikuona fasi yenye aliandika hivyo. Kilichotokea ni kidogo na cha kawaida. Aliporudi Uingereza 1903 akakuta kile kitabu chake cha asikari kinasomwa na watoto. Walimu walikitumia shuleni, wavulana walikichezea barabarani. Kilikuwa kitabu cha vita, na watoto walikifanya mchezo. Mwaka uliofuata alialikwa Glasgow kuangalia vijana wa Boys' Brigade, kikundi cha Kikristo chenye William Smith alianzisha. Smith alimshawishi aandike upya kile kitabu kwa ajili ya watoto. Akakubali, na akatoa ndani yake kazi ya kuua. Ikabaki kutazama, kutembea, kupika, kufunga kidonda, kusaidia mtu. Hata alipoulizwa juu ya kufundisha watoto kutembea safu safu kama jeshi, hakuipenda sana ile kazi. Aliona inamfanya mtoto afuate tu, bila kufikiri.

Kabla ya kuchapisha, akataka kujaribu. Tarehe 1 Agosti 1907 alipeleka wavulana karibu 20 kwenye kisiwa kidogo cha Brownsea, wakakaa ndani ya mahema siku 8. Nusu walikuwa watoto wa matajiri, wa shule kubwa zenye kulipwa pesa nyingi. Wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa Poole na Bournemouth. Katika Uingereza ya wakati ule hawa hawakukula meza moja. Yeye akawachanganya, akawagawa kwa vikundi vine vyenye majina ya wanyama na ndege: mbwa-mwitu, fahali, kunguru, na ndege mmoja wa pembeni ya maji. Kila kikundi kilipata kijana mmoja wa kukiongoza. Asubuhi waliamushwa kwa pembe ndefu ya tandala, mnyama wa pori, yenye alitoa kwa Wamatabele. Usiku walikaa kando ya moto, akawasimulia hadisi.

Mimi ile ya kuchanganya ndiyo inanigusa kuliko zote. Hapa kwetu kuna watoto wenye wazazi walibaki na watoto wenye wazazi walikimbia. Tunaketi kanisa moja, tunanunua soko moja, lakini macho yanaulizana. Nani alichukua mabati ya nani, nani alimwonyesha nani nyumba. Watoto wanabeba ile maulizo hata hawajui ilianza wapi. Ukiwagawa kwa vikundi sita sita, mmoja akatafuta kuni, mwingine maji, mwingine akakoroga bugali, jioni wanarudi wanajua majina.

Kitabu kilianza kutoka Januari 1908, vipande sita, kimoja kila juma mbili, kwa bei ndogo ambayo mtoto angeweza kupata. Na hapa kukatokea kitu chenye Baden-Powell hakupanga. Alizani vikundi vilivyokuwako vitatumia mawazo yake, basi. Kumbe watoto wenyewe walisoma, wakakutana watano ao sita, wakachagua mkubwa wao, wakakata fimbo, wakaanza. Kisha ndipo wakaenda kutafuta mtu mzima: mwalimu, pastori, kaka, mwenye duka. Kila fasi, watoto walikuwa wengi na mashefu walikosa. Mwaka 1909 walikusanyika 11,000 kwenye jumba la Crystal Palace, London. Kati yao kulikuwa wasichana wenye walikuja bila kualikwa, wamevaa kofia sawa ndugu zao, wakisema nao ni skuti. Mwaka 1910 dada yake Agnes akasimama kuongoza kikundi cha wasichana, na mwaka ule ule Baden-Powell akaacha jeshi ili kufanya hii kazi tu.

Mwaka 1912 alioa. Alikuwa na miaka 55, bibi yake Olave Soames alikuwa na 23, na walizaliwa tarehe moja, 22 Februari. Walipata watoto watatu. Olave baadaye aliongoza wasichana wa dunia nzima, na wengi wanasema bila yeye mzee asingefika mbali vile.

Vita ya 1914 iliua vijana wengi wenye walipita ndani ya skuti. Ilipoisha, shida kubwa ilikuwa ile ile: mashefu. Watoto wako, nani atawasimamia, na nani atahakikisha kwamba huyo mwenye kuwasimamia ni mtu mzuri? Hapa kuna neno kwa wafadhili wetu. Mskoti mmoja mwenye mali, de Bois Maclaren, alitoa pesa za kununua shamba la Gilwell, karibu na London, ili pawe fasi ya kufundishia mashefu. Nyumba ilikuwa imeharibika, majani yamefunika njia. Vijana wa kujitolea walifika 1919 kusafisha, mvua ikawanyesha, wakalala ndani ya kibanda cha bustani chenye walikiita nyumba ya nguruwe. Kile kibanda kiko mpaka leo. Mwezi wa Septemba 1919 mafunzo ya kwanza yakafanyika. Baden-Powell hakuwa na cheti cha kuwapa, kwa hiyo alichukua mkufu wa shanga za mbao wenye alitoka nao Uzulu, akawagawia shanga. Mpaka leo shefu mwenye kumaliza ile masomo anavaa shanga mbili za mbao shingoni. Mtu anaweza kuuliza kama ule mkufu ulikuwa wake wa kugawa. Mimi pia ninauliza. Lakini ona kile kilichofanyika: mwenye kujitolea hakulipwa, alifundishwa, na akapewa alama yenye wote wanaitambua.

Mwaka 1920 skuti wa nchi zaidi ya 30 walikutana London, wakamwita mkubwa wa skuti wa dunia yote. Kisha akazunguka dunia miaka mingi. Kwenye mukutano wa Holanda, 1937, akiwa na miaka 80, aliwaaga watoto, juu alijua hatawaona tena pamoja vile.

Wazee wetu wa hapa wananiuliza siku zote juu ya mkono wa kushoto. Kwa desturi yetu kumpa mtu mkono wa kushoto ni kumzarau, na skuti wanasalimiana nao. Wanasimulia kwamba Baden-Powell aliiona kwa Waashanti: ngao inashikwa mkono wa kushoto, na mwenye kuiweka chini ili kukusalimu anakuonyesha anakuamini. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa, lakini ndivyo skuti wanavyoipokezana. Tumewaambia vijana: kati yenu, sawa. Kwa mzee, mkono wa kuume, na magoti kidogo.

Alichagua kumaliza siku zake Afrika. Mwaka 1938 yeye na Olave walihamia Nyeri, Kenya, kwenye nyumba ndogo ndani ya kiwanja cha oteli Outspan. Mwenye oteli, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa zamani karani wake wa skuti. Nyumba waliiita Paxtu, yaani amani ya pili, juu ile yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill. Moyo wake ulikuwa umechoka. Alikaa kibarazani akichora tembo na ndege, akaandika barua. Vita ingine ya dunia ilikuwa imekwisha kuanza alipokufa, tarehe 8 Januari 1941, na miaka 83.

Alizikwa pale pale Nyeri, kaburi likiangalia Mlima Kenya, vile makaburi yetu yanaangalia Mikeno. Olave alikufa 1977 na majivu yake yakaletwa kuwekwa pamoja naye. Skuti wanatoka dunia nzima kulitembelea. Juu ya jiwe kuna alama ndogo, duara na nukta katikati. Ni ile alama yenye skuti wanachora njiani kwa mawe ao kwa fimbo, michezo inapoisha, ili wenye kuwafuata wajue wasiwatafute tena. Maana yake ni kwamba mwenye kuiacha amerudi nyumbani. Nilipojua hii nilikaa kimya kidogo. Kijana wetu mmoja ameichora kwa makaa kwenye ukuta wa chumba cha mikutano, na komite haijaamua kama itafutwa.

Sasa ya hapa Kalengera. Vijana na komite wamepatana hivi: mwaka huu hakuna kulala nje, kila mtoto anarudi kwao kabla ya giza. Hakuna kutembea safu safu barabarani, hakuna fimbo za kushika sawa bunduki. Kila kukutana kunakuwa na watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke, na mzazi yeyote anaweza kuja kuketi na kuangalia bila kupiga hodi. Mtoto mwenye wazazi walibaki na mwenye wazazi walikimbia wanaingia kikundi kimoja. Fulari zitavaliwa ndani ya kiwanja tu mpaka tuone. Wafadhili wenye wanataka kusaidia, tunahitaji sanduku la dawa za vidonda, kamba, sufuria kubwa mbili na mipira. Posho za mashefu hatuombi.

Watoto wenye wamejiandika tayari ni 34. Watu wazima ni watatu tu, na tunahitaji angalau wanane. Yule mama mwenye aliuliza kwenye mukutano hajaandika mtoto wake. Ameomba kwanza aone majina ya mashefu wote na kujua kila mmoja alikuwa wapi wakati wa vita. Komite imekubali, na majina yatabandikwa mlangoni siku ya posho, kabla ya mukutano.